Waliokufa bila hata kuandikwa kuwa wamepotea

Mwaka 1927 Dola ya Uingereza ilizindua kumbukumbu mbili za Vita Kuu ya Kwanza. Ya kwanza ni Lango la Menin, mjini Ypres, Ubelgiji, lenye majina zaidi ya 54,000 ya wanajeshi ambao makaburi yao hayajulikani. Ya pili ni Sanamu ya Askari, katikati ya Dar es Salaam. Sanamu hiyo haina jina la askari wala la mpagazi hata mmoja, na kumbukumbu za Nairobi na Mombasa nazo ni hivyohivyo.

Tofauti hii haikuanzia kwa mafundi wa kuchonga mawe. Ilianzia kwenye madaftari, siku mtu alipochukuliwa kwenda vitani. Ili jeshi liseme umepotea, sharti kwanza liwe limekuhesabu kuwa upo.

Mfumo wa kumtafuta asiyeonekana

Vita hiyo ilipoanza mwaka 1914, jeshi la Uingereza lilikuwa na utaratibu wake. Baada ya mapigano majina ya kikosi yaliitwa. Habari za asiyeitika ziliulizwa kwa wenzake: nani alimwona mara ya mwisho, wapi, na katika hali gani? Kwa majibu hayo aliwekwa kwenye fungu lake: ameuawa vitani, amekufa kwa majeraha, amekufa kwa maradhi, ametekwa, au amepotea. Kulikuwa na mafungu ya katikati pia, kama yule aliyejeruhiwa kisha akapotea, na yule aliyepotea lakini akadhaniwa ameuawa.

Familia za maofisa zilipelekewa telegramu. Za askari wa kawaida zilipata fomu kwa posta: B.104-82 ilileta habari ya kifo, na B.104-83 ilisema kwamba kijana wenu hajulikani alipo. Ikipita miezi kama sita bila habari yoyote, Wizara ya Vita ilimhesabu kuwa amekufa kwa madhumuni ya kiofisi, na hapo haki za mjane na watoto zikaanza kushughulikiwa.

Jeshi lilijifunza pia kutokana na makosa yake. Mwanzoni kila askari alivaa kisahani kimoja tu cha utambulisho. Akifa, kisahani kilivuliwa ili kithibitishe kifo chake, na mwili ukabaki bila alama. Aliyeufukua baadaye hakuwa na njia ya kujua ni wa nani. Ndipo Septemba 1916 vikaletwa visahani viwili: cha kijani chenye pembe nane kilibaki na marehemu, na chekundu cha mviringo kilipelekwa ofisini.

Raia nao waliingia kazini. Msalaba Mwekundu wa Uingereza ulikuwa na idara maalumu ya kuulizia majeruhi na waliopotea, na kwa muda Gertrude Bell, mtafiti mashuhuri wa nchi za Uarabuni, aliifanyia kazi huko Boulogne, Ufaransa. Watu wa kujitolea walizunguka hospitalini wakiwa na orodha za majina, wakiwauliza majeruhi kitanda kwa kitanda kama kuna waliyemjua. Geneva nako, wakala wa kimataifa wa wafungwa wa vita ulikusanya kadi zipatazo milioni 7 za watu waliotekwa au kutafutwa.

Mmoja wa waliotafuta kwa uchungu ni mwandishi Rudyard Kipling. Mwanawe John alipotea kwenye mapigano ya Loos, Septemba 1915, na wazazi waliwahoji askari wengi wenzake bila kumpata. Baadaye Kipling alikuwa mshauri wa maandishi wa Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita. Ndiye aliyetunga maneno yaliyowekwa kwenye kumbukumbu za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Baba aliyejua vizuri uzito wa jina moja alipewa kazi ya kuwaandikia maelfu ambao majina yao hayakuwekwa.

Mizigo ilihesabiwa

Vita hiyo katika Afrika Mashariki ilipiganwa kwa sehemu kubwa porini, mbali na reli. Mbung'o waliwaua farasi na nyumbu, kwa hiyo chakula, risasi na hata majeruhi vilibebwa na binadamu. Upande wa Uingereza pekee, watu wapatao milioni moja walitumika kama wapagazi kwa vipindi mbalimbali, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu kupitia kwa machifu. Wajerumani chini ya kamanda wao Lettow-Vorbeck na Wabelgiji kutoka Kongo nao walitegemea mabega ya Waafrika.

Wanahistoria wengi wanataja vifo visivyopungua 95,000 vya wapagazi wa upande wa Uingereza. Risasi ziliua wachache. Wengi walikufa kwa malaria, kuhara damu, homa ya mapafu na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au wimbi alipewa unga wa mahindi, akaupika kambini usiku bila kuiva vizuri, tumbo likaharibika, na kesho yake akatakiwa kubeba tena.

Sasa fikiria mtu huyo anaishiwa nguvu njiani karibu na Mto Rufiji, mwaka 1917. Anakaa chini ya mti, na msafara unapita. Mzigo wake unagawiwa wengine, maana mzigo una hesabu yake. Jioni, kama daftari lipo, yule asiyeonekana anaweza kuandikwa kuwa ametoroka. Hakuna anayepita hospitalini akitaja jina lake. Wanahistoria wa vita hiyo wanaona kwamba wengi walioitwa watoro walikuwa maiti. Aliyeitwa mtoro aliwekwa kwenye fungu la wakosaji, na familia yake haikuwa na cha kudai.

Uingereza ilibaki na deni la fedha pia. Mishahara ya maelfu waliokufa au wasiojulikana walipo ilibaki bila mdai. Oscar Watkins, ofisa wa kikoloni aliyeongoza idara ya wapagazi, alitaka fedha hizo zizifaidi jamii walikotoka watu hao. Suala lilizungushwa kwa miaka, na Serikali ya Uingereza haikuzitoa. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki kuwa alama za kambi za wapagazi, lakini jamaa wa waliopita hapo hawakulipwa.

Radhi, na kazi iliyobaki

Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, mrithi wa ile ya Kifalme, ilitoa ripoti juu ya ubaguzi katika kuwakumbuka waliokufa. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilionyesha pia kwamba watawala wa kikoloni waliona ni sawa makaburi ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori. Tume iliomba radhi, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati huo, Ben Wallace, akaomba radhi bungeni.

Kisingizio cha kwamba majina hayapo hakipaswi kukubaliwa haraka. Mjini Cape Town, Januari 2025, ilizinduliwa kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi waliotumikia vita hiyo, karne moja baadaye. Nchini Kenya, nyaraka za kijeshi zimeanza kutoa majina yaliyosahauliwa.

Kazi kama hiyo inatakiwa Tanzania, Uganda, Malawi na kote walikochukuliwa wapagazi. Zifunguliwe nyaraka za wilaya na vitabu vya ubatizo vya misheni, na wazee waulizwe wangalipo, kwa sababu koo nyingi bado zinamtaja babu aliyekwenda vitani asirudi. Gharama ni ya Uingereza, kwani ndiyo iliyowachukua watu hao na kuwapoteza. Kila jina litakalothibitishwa linapaswa kuandikwa hadharani, na kila aliyeitwa mtoro bila ushahidi aondolewe doa hilo. Hiyo ni haki ile ile waliyopewa wale wa Ypres.