Kiolezo na kijenzi

Nomino zote mbili ni za ngeli ya KI-VI: kiolezo/violezo, kijenzi/vijenzi. Kiolezo hutokana na kitenzi -oleza, yaani kufuatisha kitu kwa kuangalia kingine. Kijenzi hutokana na -jenga, ambapo g hugeuka z kama katika mjenzi.

Katika utengenezaji wa tovuti, kiolezo ni umbo la ukurasa lenye nafasi za kujazwa. Kijenzi ni kipande chenye hali na kazi yake, mathalani kisanduku cha kuandikia.

Tofauti hii ilijidhihirisha katika JavaServer Faces, kiunzi cha vijenzi kilichotolewa mwaka 2004. Awali kilitumia violezo vya JSP. JSP hutoa maandishi papo hapo ukurasa unapotekelezwa, ilhali kiunzi hiki hupanga kwanza mti wa vijenzi, ndipo kitoe ukurasa. Kwa hiyo, katika matoleo ya mwanzo, maandishi ya kawaida yaliweza kutokea mahali pasipo pake. Facelets, violezo vilivyobuniwa kwa ajili ya kuujenga mti huo, viliingizwa rasmi katika toleo la 2.0 mwaka 2009.

Tanbihi: Mfasiri asitumie kiolezo kwa dhana zote mbili. Anayeagizwa “rekebisha kiolezo” atagusa mpangilio wa ukurasa mzima, hata kama kasoro imo katika kijenzi kimoja. Husemwa kujaza kiolezo, lakini kupachika kijenzi.

Mfano: Fundi alipachika vijenzi vitatu katika kiolezo kimoja.