Eropleni za Nchi Yetu, na Vyuma vya Kuzitengeneza

Wasomaji wengi wa kitabu hiki wakaao Elerai wamekwisha zoea ngurumo ya eropleni. Uwanja wa Kisongo u upande wa magharibi ya mji, kando ya njia iendayo Makuyuni, na vyombo viondokavyo pale husikika mashambani na mashuleni mwetu hata watoto hawainui tena macho. Katika kueleza habari za jimbo hili, lililosimamishwa mwaka 1963, tumeona vema tuandike kidogo juu ya vyombo hivyo. Habari za marubani tunaziacha, maana hao wamesifiwa sana. Twataka kusema habari ya chuma kidogo kivunjikacho, na mahali kipatikanapo kingine.

Ndege ndogo za zamani katika Afrika Mashariki zilikuwa za mbao na kitambaa. Mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya Wilson Airways mjini Nairobi, akianza na Gipsy Moth. Mabawa ya ndege ile yalikuwa mbao zilizowambwa kitambaa, kikapakwa dawa ya kukikaza kama ngozi ya ngoma. Kitambaa kikichanika, mshonaji hodari aliweza kukitia kiraka. Ubavu wa bawa ukivunjika, seremala aliyefundishwa aliweza kuchonga mwingine. Lakini injini haichongwi kwa tezo. Vyuma vyake vilitoka Uingereza kwa meli hata Mombasa, kisha vikapanda gari la moshi. Na mwaka ule ule wa 1929 reli ilifika Arusha kutoka Moshi. Hivyo tangu mwanzo kirukacho kilimngojea atambaaye.

Wamisionari nao hawakukawia kuvitamani vyombo hivi. Padre Paul Schulte, Mjerumani aliyekuwa rubani katika vita ya 1914 hata 1918, alifiwa na rafiki yake Padre Otto Fuhrmann mwaka 1925, kusini-magharibi ya Afrika, kwa malaria na homa ya mapafu, mbali na daktari. Kwa huzuni hiyo alianzisha mwaka 1927 chama cha MIVA, cha kuwapatia wamisionari magari, mashua na eropleni.

Katika pande zetu, ndege iliyopata jina kubwa kuliko zote ni ile ya Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, iliyopakwa milia ya punda milia, waliyoitumia kuhesabu wanyama wa Serengeti mwaka 1958. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959, ndege ile ilipogongana na tumbusi, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Hapo chombo hakikuwa na kosa. Ilikuwa Dornier Do 27, na kwa kiwanja kifupi chenye majani ni vigumu kupata iliyo bora kuipita: injini yake ina gia, ili propela izunguke polepole kuliko mtaimbo wa injini, ivute kwa nguvu. Walakini Do 27 zilizoundwa zilizidi 600 kidogo tu, na kazi ya kuziunda ilikoma katika miaka ya 1960. Anunuaye moja leo amenunua pia kazi ya kutafuta meno ya gia hizo, mara nyingi katika ndege nyingine zilizokwisha kufa.

Basi utaona kwa nini wenzetu walichagua vingine. Mwaka 1983 Padre Pat Patten, wa Shirika la Roho Mtakatifu, alianzisha hapa Arusha Flying Medical Service, kazi ya kupeleka dawa na wauguzi kwa ndege katika nyika za Wamasai na kuwachukua wagonjwa mahututi. Ndege walizozitumia ni Cessna 206. Si ndege ya kutazamwa kwa uzuri. Ni kama punda wa mizigo. Lakini tangu miaka ya 1960 zimeundwa zaidi ya 8,000, na vyuma vyake vingi hufanana na vya ndugu zake, Cessna 182 na 210. Ndege yenye ndugu wengi haikosi mtu wa kuiazima mguu.

Hata hivyo nayo ina hila yake kwa mnunuzi asiyejua historia. Mwaka 1986 kiwanda kiliacha kuunda ndege ndogo za injini ya pistoni, maana wanunuzi walipungua na gharama za mashtaka mahakamani zilizidi. Sheria ya Marekani ilibadilishwa mwaka 1994, na Cessna 206 ikarudi mwaka 1998. Lakini ile ya kale ina injini ya Continental, na hii mpya ina ya Lycoming. Jina ni moja, silinda si moja. Twajua si wanunuzi wote waulizao jambo hilo kabla ya kutoa fedha.

Tena wako wadanganywao na saa chache. Injini ya Continental ya ndege hizo hufunguliwa yote na kufanywa upya baada ya saa 1,700 hivi. Mwuzaji akisema, “Hii imeruka saa 300 tu,” yafaa kuulizwa ni kwa miaka mingapi. Injini iliyolala miaka kumi bila kuwashwa huliwa na kutu ndani, mahali macho yasipofika, nayo yaweza kuwa mbaya kuliko iliyofanya kazi kila juma. Daftari la ndege ndilo lisemalo ukweli: kila ukaguzi wa saa 100, kila propela iliyopigwa na mawe, kila magineto iliyobadilishwa. Eropleni isiyo na daftari kamili, hata ikiwa rahisi namna gani, sisi tusingeishauri parokia yo yote kuichangia.

Na kipuri nacho kina daftari lake. Chuma kizima, king'aacho, kikikosa hati ya kiwanda au ya karakana yenye ruhusa, fundi hana haki ya kukifunga.

Siku hizi Kisongo kumejaa Cessna Caravan za kuchukua watalii, zitumiazo mafuta ya taa ya ndege. Petroli ya ndege, inayonywewa na injini za pistoni, imekuwa ngumu kupatikana Afrika Mashariki kwa nyakati nyingi. Rubani akaweza kuwa na injini nzima na tangi tupu. Lakini Caravan ni ya bei kubwa mno kwa misioni, kwa hiyo 206 za zamani zingali na watu wazitakao. Moja ikikosa magineto, chuma kisichopita ukubwa wa mtungi mdogo wa maji, hukaa chini ikingoja sanduku litoke ng'ambo na kupita forodhani, na mama mwenye uchungu wa kuzaa huko Malambo hupakiwa garini, kwa njia ile ya vumbi na mawe.