Shokapu zinazorekebishika

Shokapu zinazorekebishika (pia: shokomzoba zinazorekebishika) ni vifaa vya sasipensheni ya gari ambavyo ugumu wake unaweza kubadilishwa bila kununua vifaa vipya. Katika aina kadhaa kimo cha gari pia hubadilishwa. Hutumiwa hasa na wenye gari moja la kazi mbili: safari za kila siku na, mara chache kwa mwaka, mbio za magari au siku za kuendesha katika uwanja wa mbio.

Kwa bajeti ndogo, idadi ya hatua za kurekebisha na kiasi ambacho gari linaweza kushushwa si vigezo vikuu. La kwanza ni nafasi ya kupanda na kushuka inayobaki kwa tairi, kisha ubora wa shokapu yenyewe.

Kazi ya springi na shokapu

Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza springi isiendelee kurusha gari juu na chini baada ya kupita shimo au tuta. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili kupitia matundu na vali nyembamba. Msuguano wa oili hugeuza mwendo kuwa joto, na kwa sababu hiyo shokapu huwa ya moto baada ya safari ndefu ya barabara mbovu.

Shokapu ina mienendo miwili: kubana, tairi linapopanda, na kurudi, tairi linaposhuka. Katika shokapu nyingi za bei nafuu skrubu moja hubadilisha mienendo yote miwili kwa pamoja, au hubadilisha zaidi ule wa kurudi. Zile zenye skrubu mbili zinazojitegemea kwa kawaida huwa ghali.

Magari mengi madogo ya abiria yanayotumika Tanzania hubeba mguu wa mbele wa aina ya MacPherson, ambamo shokapu na springi huwa kitu kimoja kinachoshikilia pia gurudumu. Muundo huu umepewa jina la mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson.

Aina

- Shokapu ya kurekebisha ugumu pekee. Hufungwa pamoja na springi za kawaida za gari, na kimo hakibadiliki. Mfano ni Koni Sport, ambayo hurekebishwa katika mwendo wa kurudi.
- Koilova ya kimo pekee. Mwili wake una hesi, yaani nyuzi kama za bolti, na pete inayopandisha au kushusha kikalio cha springi. Ugumu wa shokapu haubadiliki.
- Koilova ya kimo na ugumu. Mifano inayojulikana ni Tein Flex Z ya Japani, yenye hatua 16 za ugumu, na BC Racing BR ya Taiwan, yenye hatua 30.

Katika koilova zinazobadilisha urefu wa mwili mzima, kimo hushushwa bila kupunguza mwendo wa pistoni. Katika zile zinazosogeza kikalio cha springi pekee, kila sentimita ya kushusha hula nafasi ya kubana. Tofauti hii huhisiwa kwenye tuta la kwanza.

Ugumu wa springi kwa mfano

Ugumu wa springi hutajwa kwa kilo kwa milimita. Springi ya kilo 2 huhitaji mzigo wa kilo 2 ili ibonyee milimita 1. Tuchukue kona ya mbele inayobeba kilo 300, katika mguu ambao springi hufanya kazi karibu moja kwa moja na gurudumu:

- Kwa springi ya kilo 2 kwa milimita, gari likisimama springi hubonyea milimita 150. Kona hiyo hupanda na kushuka takriban mara 1.3 kwa sekunde, kiasi cha kawaida cha gari la abiria.
- Kwa springi ya kilo 5 kwa milimita, hubonyea milimita 60 tu. Mwendo huwa takriban mara 2 kwa sekunde, kiasi kinachofaa uwanja laini wa mbio.

Athari yake katika barabara mbovu ni kubwa. Tairi likiingia kwenye shimo lenye kina, springi ya kwanza huendelea kulisukuma chini. Springi ya pili humaliza nguvu yake baada ya milimita 60, na tairi huning'inia bila mzigo. Tairi lisilo na mzigo halishiki breki wala halifuati stelingi.

Mazingira ya Ngerengere na Morogoro

Ngerengere ni mji mdogo katika Wilaya ya Morogoro Vijijini, kando ya Reli ya Kati. Gari linalotoka huko kwenda Dar es Salaam hufuata barabara ya Ubena Zomozi na kuingia katika barabara kuu ya Dar es Salaam–Morogoro, yenye malori na mabasi mengi. Barabara kuu hiyo huendelea hadi Iringa ikipita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako kuna matuta ya kupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama. Upande mwingine, njia za kupanda milima ya Uluguru, kama zile za Kinole na Matombo, zina kona kali na miteremko. Msimu wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, matope na mifereji ya maji hubadilisha hali ya njia za udongo.

Katika mazingira haya gari hukutana na mambo matatu ambayo koilova nyingi za bei nafuu hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Kwanza ni matuta na rasta. Gari lililoshushwa sana hugonga chini, au shokapu hufika mwisho na kugonga mpira wa kikomo. Ikigonga hivyo katikati ya kona, gari huweza kuteleza ghafla.

Pili ni mawimbi madogo ya barabara ya vumbi. Mwendo wa kurudi ukikazwa mno, tairi halipati muda wa kushuka kabla ya wimbi linalofuata. Gari hujivuta chini kidogokidogo hadi nafasi ya kubana inaisha. Dereva huhisi gari limekuwa gumu, ingawa springi hazijabadilika.

Tatu ni vumbi na matope. Hukwama kwenye hesi na kuharibu sili ya oili. Pete isiyosafishwa na kupakwa grisi huganda, na uwezo wa kurekebisha kimo hupotea.

Aina ya mbio

Mbio za magari za Afrika Mashariki zimejengwa juu ya barabara za udongo. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 2021 ilirejea katika mashindano ya dunia ikiwa na kituo Naivasha. Kwa mbio za namna hiyo gari huhitaji kimo na mwendo mrefu wa sasipensheni.

Hali ni tofauti kwenye viwanja vya lami laini, kama Dubai Autodrome, iliyofunguliwa mwaka 2004, na Yas Marina ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2009. Huko gari la chini lenye springi ngumu hufaidika. Ushauri unaotolewa kwa viwanja hivyo hauhamishiki kwa gari linalolala Ngerengere, hata kama ni gari la aina ileile.

Vigezo vya kuchagua

1. Hali ya gari. Bushi, boljointi, mauntingi za shokapu, tairi na breki hukaguliwa kwanza. Shokapu mpya haziwezi kuficha bushi zilizokufa.
2. Kimo. Kwa matumizi mchanganyiko, kimo cha kiwandani au karibu nacho hufaa zaidi.
3. Springi. Ongezeko dogo la ugumu hutosha. Springi zenye ugumu wa mara mbili au zaidi ya zile za awali huhitaji barabara laini.
4. Matengenezo. Shokapu nyingine hufunguliwa na kuwekwa oili na sili mpya. Nyingine, kama Flex Z, zimezibwa na hubadilishwa nzima. Kabla ya kununua inafaa kujua kama shokapu moja ya akiba inapatikana bila kununua seti yote.
5. Mitumba. Koilova zilizotumika huuzwa pamoja na spea nyingine kutoka Japani. Alama za oili kwenye mwili, fimbo iliyokwaruzwa, pete zilizoganda na skrubu isiyobadilisha kitu ni dalili za kuziacha.
6. Gharama kamili. Bajeti hujumuisha mauntingi, mipira ya kikomo, ufundi na alaimenti.

Fedha zikiwa chache, shokapu bora za kurekebisha ugumu pamoja na springi za kimo cha kawaida mara nyingi huwa chaguo bora kuliko koilova ya bei ya chini kabisa. Fedha zikikosekana kabisa, shokapu mpya za kawaida ni bora kuliko koilova chakavu.

Ufungaji na marekebisho

Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua, hivyo hufunguliwa kwa kifaa maalumu cha kubania. Bolti za bushi za mpira hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa limenyanyuliwa, mpira hubaki umejikunja na kuchanika mapema. Baada ya kubadilisha kimo alaimenti hufanywa upya.

Hatua za ugumu huhesabiwa kuanzia mwisho mmoja, na namba huandikwa. Pande za kushoto na kulia za ekseli moja huwekwa sawa. Kwa safari za kila siku huanzia upande laini na kukazwa hadi gari linapoacha kuyumba baada ya tuta. Siku ya mbio, upepo wa tairi hurekebishwa kwanza, kisha ugumu hubadilishwa hatua chache kwa wakati mmoja, mbele au nyuma pekee, ili athari ijulikane. Kabla ya safari ya kurudi nyumbani gari hurejeshwa kwenye namba za barabarani.

Usalama

Tanzania, magari huongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na gari bovu haliruhusiwi barabarani. Baada ya ufungaji hukaguliwa kama tairi halisugui madgadi stelingi ikikatwa hadi mwisho, na kama mabomba ya breki hayavutiki gurudumu likining'inia. Bolti hukaguliwa tena baada ya siku chache za matumizi, na pia kabla na baada ya kila siku ya mbio.