Ndege Ikisharuka

Tukisikia Madaktari Warukao tunawaza ndege. Mimi nawaza anayebaki uwanjani.

Mwaka 1956, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, madaktari wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walipanga kuwafikia wagonjwa wa mbali kwa ndege. Ndipo ilipoanzia AMREF. McIndoe alishatibu marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Wood mwenyewe alikuwa rubani.

Lakini ndege haingoji kidonda kipone. Kwa hiyo mgeni akipasua, mwenyeji humshikia mkasi. Safari nyingine mwenyeji hupasua, mgeni akatazama. Hilo halipigwi picha sana.

Nilimuuliza tabibu mmoja mstaafu: wageni walipoondoka, nyuzi alizitoa nani? Akaninyoshea mikono yake miwili.