Kabla ya Kupiga Msingi

Ada ya watu wa miji ni kujenga juu ya waliotangulia. Nyumba huanguka, kifusi husawazishwa, akaja mwingine akapiga msingi wake papo hapo. Basi anayetaka kujenga upya katika mji wa kale hana budi aulize kwanza: chini ya kiwanja hiki mna nini? Nani alikaa hapa, na nani amezikwa? Tutazame, msomaji, yaliyopita Istanbul, mji alioufungua Sultan Muhammad Al-Fatih mwaka 1453.

Serikali ya Uturuki ilikusudia kuziunganisha pande mbili za mji huo, ya Ulaya na ya Asia, kwa reli ipitayo chini ya bahari. Kazi ilianza mwaka 2004, ikitarajiwa kwisha 2009. Kituo kimoja kikubwa kiliwekwa mtaa wa Yenikapı, ambao zamani za masultani ulikuwa na mabustani ya mboga yaitwayo Langa, yaliyosifika kwa matango.

Lakini vitabu vilikuwa vimekwisha sema. Mfaransa Pierre Gilles, aliyefika huko katika miaka ya 1540, aliandika kwamba mabustani hayo zamani yalikuwa bandari. Ni bandari ya zama za Kaisari Theodosius wa Kwanza, mwishoni mwa karne ya nne, iliyopokea nafaka ya Misri. Na hapa ndipo inapoingia historia yetu. Amr bin Al-Aas (R.A.) alipoifungua Misri, kiasi cha mwaka 641, nafaka ile haikwenda tena kwa Kaisari, Sayyidna Omar (R.A.) aliamrisha mfereji wa kale ufukuliwe mpaka Bahari ya Sham, ili chakula kifike Hijaz. Bandari ikabakiwa na vyombo vidogo vidogo, na mto uliomiminikia humo ukaijaza tope mwaka baada ya mwaka, hata ikawa shamba.

Wachimbaji wa makumbusho walipoteremka walikuta mabaki ya vyombo 37, vya tangu karne ya tano hata ya kumi na moja. Tope lisilopitiwa na hewa huuzuia mti usioze. Mbao zilikuwa bado na alama za zana za mafundi. Chombo kimoja kilikuwa na shehena ya mitungi, na kikapu cha matunda ya cheri kokwa zake zingalimo. Mafundi wetu wa majahazi wangefurahi kuviona: vile vya zamani zaidi viliundwa kwa kuunga mbao kwanza na mataruma baadaye, kama walivyofanya washonaji wa mitepe wa Lamu, na katika vya baadaye mataruma yanaanza kutangulia. Chini zaidi, kiasi cha mita 6 chini ya usawa wa bahari, zikatokea nyayo za watu walioishi hapo yapata miaka 8,000 iliyopita.

Kazi ikachelewa. Waziri Mkuu Erdoğan alilalamika hadharani kwamba reli inazuiliwa na vyungu. Hatusemi kwamba alikosa kila haki, maana mamilioni ya watu walikuwa wakingoja njia ya kwendea kazini, na haja ya aliye hai ni haki pia. Lakini vyungu havikuja jana. Kalenda ndiyo iliyopangwa kana kwamba chini hamna kitu. Reli ilifunguliwa tarehe 29 Oktoba 2013, na vyombo vimehifadhiwa. Vyote viwili viliwezekana.

Njia ya kuuliza mapema si ngumu. Kwanza husomwa ramani za zamani, hati za ardhi na za wakf. Huulizwa wazee, na majina ya mitaa nayo husikilizwa, kwani jina hudumu baada ya nyumba kubomoka. Kisha huchimbwa mitaro michache ya majaribio, kwa mkono, tabaka kwa tabaka. Hapo ndipo huamuliwa: pajengwe, msingi uhamishwe, au pachimbuliwe kwa utaratibu kwanza.

Kwetu pwani kamati nyingi za misikiti huanza na kontrakta. Msikiti mkongwe hubomolewa ili upatikane wa ghorofa, na nia ni njema, jamaa wamekuwa wengi. Lakini katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa katika miaka ya 1980. Akakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, hata kufikia vijisikiti vya miti vya karne ya nane, miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa sala katika pwani hii. Miti yenyewe ilikwisha oza zamani. Kilichobaki ni matundu ya nguzo ardhini, alama ambazo trekta ingezipita kwa dakika moja, na dereva wake asione kitu.