Kufifia kwa Ari katika Jumuiya ya Lugha ya Programu ya Elm, 2012–2020

Kufifia kwa jumuiya ya Elm huelezwa kwa sababu mbili: ushindani wa React na TypeScript, zinazoungwa mkono na kampuni kubwa, na ukimya wa mwasisi wake, Evan Czaplicki. Zote mbili zilichangia, lakini hazitoshi. TypeScript ilitolewa hadharani mwaka 2012 na React mwaka 2013. Zilikuwapo katika miaka yote ambayo Elm ilistawi. Ukimya nao ulikuja baada ya manung'uniko, si kabla yake.

Elm ilizaliwa mwaka 2012 katika tasnifu ya Czaplicki, Chuo Kikuu cha Harvard. Ni lugha ya ukoo wa Haskell, iliyokusudiwa kurasa za tovuti, na msimbo wake hugeuzwa kuwa JavaScript ndipo kivinjari kiweze kuuendesha. Kilichowavuta watu ni kompaila yake. Ilikataa programu yenye kasoro kabla haijamfikia mtumiaji, kisha ikamweleza mwandishi kosa lake kwa upole, pengine na kumdokezea tiba. Kwa waliozoea JavaScript, ambamo kosa huweza kujitokeza mbele ya mteja, hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Watengenezaji wa Rust waliitaja Elm walipounda upya ujumbe wao wa makosa mwaka 2016, na Redux, maktaba mashuhuri ya mwaka 2015, inakiri kuazima kwake.

Jambo linalodai maelezo ni tofauti kati ya mwaka 2016 na mwaka 2018. Mei 2016 toleo la 0.17 liliondoa dhana ya ishara, yaani thamani zinazobadilika kadiri muda unavyopita. Hiyo ndiyo dhana ambayo tasnifu ya 2012 ilijengwa juu yake! Waliokuwa na programu tayari walilazimika kuandika upya sehemu zake. Hata hivyo, jumuiya haikutawanyika: Septemba mwaka huohuo mkutano wa kwanza wa elm-conf ulifanyika St. Louis, Marekani, na mwaka uliofuata Elm Europe ikafanyika Paris.

Agosti 2018 likatoka toleo la 0.19. Lilikuwa na kompaila ya kasi zaidi na mafaili madogo zaidi, na dhana kuu za lugha zilibaki zilezile. Lakini liliziba njia ya kuita JavaScript moja kwa moja ndani ya msimbo wa Elm, isipokuwa kwa vifurushi vya mradi wenyewe. Wengine wote walitakiwa kupitia bandari rasmi, ambazo hupitisha ujumbe tu, bila mtumaji kurudishiwa jibu papo hapo. Sababu iliyotolewa ilikuwa na mantiki: ahadi ya programu kutoanguka isingeweza kushikika iwapo msimbo usiokaguliwa ungepenya popote. Aidha, ni vyema ikumbukwe kwamba hata kabla ya hapo vifurushi vya aina hiyo havikuchapishwa bila idhini. Kilichofungwa, kwa hiyo, kilikuwa kichochoro tu; ila ndicho kichochoro ambacho baadhi ya timu zilikitumia ndani ya programu zao za kila siku. Wapo waliobaki katika toleo la 0.18, na wapo walioandika makala za kuaga.

Kwa maoni ya mtafiti, uzito wa badiliko haukuwa kiini cha ugomvi. Mwaka 2016 kila mtu, mwasisi akiwamo, aliishi chini ya kanuni mpya. Mwaka 2018 wenye mradi walibaki na nyenzo ambayo wengine walinyimwa, na mchangiaji wa kujitolea akajikuta mpangaji katika nyumba aliyodhani ni ya ukoo. Sheria ya chanzo huria ilimruhusu kunakili msimbo na kujitenga, lakini haikumpa sauti katika maamuzi. Czaplicki naye alikuwa na upande wake: katika mhadhara wake kwenye mkutano wa Strange Loop mwaka huohuo alieleza jinsi shinikizo la watu asiowajua linavyomchosha mtunzaji wa programu huria.

Toleo la 0.19.1 lilitoka Oktoba 2019, na kwa miaka mitano iliyofuata halikutoka jingine. Waliohama waliusoma utulivu huo kama kifo. Waliobaki waliusoma kama ukamilifu, maana programu zao ziliendelea kujengeka bila kuguswa. Mwanahistoria anayehesabu matoleo peke yake atawaamini wa kwanza kwa urahisi mno.

Richard Feldman, ambaye kitabu chake cha kufundishia Elm kilichapishwa mwaka 2020, alianzisha lugha nyingine, Roc. Humo pia mwandishi wa programu ya kawaida haruhusiwi kuchanganya msimbo wa lugha ya nje na wake. Msimbo huo hukaa katika tabaka la chini liitwalo jukwaa. Lakini jukwaa hilo, yeyote anayetaka anaweza kulitengeneza.