Kwa nini choo chako kinavuja usiku? Historia fupi ya maji, raba na boya, kutoka Aleksandria hadi Benaco

Zima redio, funga mlango wa chooni, kaa kimya dakika moja. Ukisikia "ssss" ndani ya tanki la choo na hakuna aliyeflashi, maji yanaondoka. Yanatiririka kimyakimya kwenye sinki la choo, yanaingia karo, na wewe umeshayalipia. Ajabu ni kwamba sakafu ni kavu, ndo maana watu wengi wanakaa na choo kinachovuja mwaka mzima bila kujua.

Wengi wetu husema "fundi alichemsha" au "vifaa vya siku hizi feki". Inawezekana. Lakini uvujaji wa aina hii una historia ndefu, na ukiijua utaelewa kwa nini choo cha zamani cha kuvuta mnyororo hakikuwa na tabia hii na cha kwako kinayo. Tutaizungumzia hapa Ngara na Biharamulo, kwa sababu ni sehemu ambayo thamani ya lita moja ya maji iliwahi kuonekana na dunia nzima.

Lita moja ina uzito gani?

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia wilaya ya Ngara. Shirika la UNHCR lilitaja watu 250,000 ndani ya kama saa 24. Makadirio ya baadaye yalishuka, lakini hata ukichukua yale ya chini bado ni watu zaidi ya laki moja na nusu. Walipiga kambi Benaco, mahali palipopata jina kutoka kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, karibu na bwawa dogo. Katika wiki chache waandishi wa habari wakawa wanaiita Benaco mji wa pili kwa ukubwa Tanzania.

Sasa fikiria mji wa namna hiyo bila bomba hata moja. Oxfam walileta matanki yao ya mabati yanayofungwa kwa bolti na kutandikwa mpira ndani, maji yakasukumwa, yakatibiwa, yakagawiwa kwenye foleni za madumu. Julai mwaka huohuo, upande wa pili wa Rwanda, kule Goma, mambo yaliharibika vibaya zaidi. Ardhi ya mawe ya volkano iligomea majembe, vyoo havikuchimbika, maji safi hayakutosha, kipindupindu na kuhara damu vikaingia. Karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza.

Baada ya hapo mashirika ya misaada yalijiuliza: hivi binadamu anahitaji maji kiasi gani ili asife kwa ugonjwa wa uchafu? Mwaka 1997 ukaanzishwa mradi wa Sphere, na kitabu chake cha viwango kikaweka namba ambazo bado zinatumika: angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na choo kimoja kisizidi watu 20. Tanzania nayo, katika Sera ya Taifa ya Maji ya 2002, iliweka kiwango cha huduma ya msingi vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani.

Shika namba hizo mbili, 15 na 25. Tutazihitaji.

Choo ambacho hakiwezi kuvuja

Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo hapakuwa na swali la choo kuvuja, kwa sababu choo kilikuwa cha shimo. Hakina tanki wala bomba. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya 1973, iliyokusanya watu kama milioni 2 nchi nzima kwenye vikundi vya kusikiliza redio, ilihimiza kuchimba na kutumia choo kama moja ya kazi zake kuu. Hadi leo choo cha shimo, au kile cha kumwagia maji kwa kopo, ndicho kilicho kwenye kaya nyingi za vijijini. Hakipotezi tone.

Choo cha tanki kimekuja na mji: nyumba za kupanga, gesti, ofisi, hospitali. Kimekuja na raha zake, na pia na mashine ndogo ambayo hakuna aliyetuelezea inavyofanya kazi. Hiyo mashine ndo yenye historia.

Boya lilianza kwenye saa

Ukifungua tanki la choo utaona vitu viwili muhimu. Cha kwanza ni boya. Maji yakishuka, boya linashuka, linafungua koki. Maji yakipanda, boya linapanda, linaifunga. Hakuna umeme, hakuna mtu wa kusimamia.

Wazo hili si la choo. Karne ya 3 kabla ya Kristo, kule Aleksandria, Misri, fundi aitwaye Ktesibios alikuwa anatengeneza saa ya maji. Saa hiyo ilihitaji maji yatiririke kwa kasi ileile muda wote, na ili kasi isibadilike, kina cha maji kwenye chombo kilipaswa kubaki palepale. Akaweka kitu kinachoelea cha kuziba njia kila maji yanapofika juu. Karne ya 9, ndugu watatu wa Baghdad wanaojulikana kama Banu Musa walitumia maboya na vali katika vyombo vyao vya maji. Wahandisi husema boya hili ni moja ya mifano ya kwanza kabisa ya mtambo unaojiongoza wenyewe.

Saa ilirudi tena kwenye hadithi hii. Choo cha kuflashi kilielezwa Uingereza mwaka 1596 na John Harington, lakini kilinuka, kwa sababu hakuna kilichozuia hewa chafu kurudi juu. Aliyepata hataza ya kwanza ya lile bomba lililopinda, linalobakiza maji kidogo ili harufu isipite, alikuwa Alexander Cumming, mwaka 1775. Kazi yake? Fundi saa wa London. Ukitazama nyuma ya sinki lako leo, ule mpindo ni wazo lake.

Waingereza waliogopa kuvuja

Kitu cha pili ndani ya tanki ni kile kinachoshikilia maji mpaka uflashi, na hapa ndipo kisa kinapogeuka.

Karne ya 19 London ilikuwa inaunganisha nyumba nyingi na mabomba. Vyoo vilikuwa na vali chini ya tanki, na vali zilivuja. Kampuni za maji zikapiga kelele. Sheria ya maji ya London ya 1871 na kanuni zilizoifuata zikataka kila choo kiwe na kifaa cha kuzuia upotevu, na kila flashi isizidi galoni 2, yaani kama lita 9.

Mafundi wakajibu kwa sifoni. Badala ya tundu chini ya tanki linalozibwa na raba, waliweka bomba lililopanda juu ya kina cha maji kisha likapinda kushuka. Ukivuta mnyororo, sahani ndani ya sifoni inanyanyua maji hadi yavuke ule mpindo. Yakishavuka, uzito wake unayavuta mengine yote nyuma yake mpaka hewa iingie. Ni kanuni ileile ya kunyonya mafuta kwenye tanki la gari kwa mpira.

Umeona ujanja wake? Maji yakiwa yametulia, hakuna tundu lolote lililo chini ya usawa wa maji. Hakuna cha kuvuja. Sifoni ikichakaa, choo kinagoma kuflashi, na kikigoma mtu atamwita fundi siku hiyohiyo. Ubovu wake unapiga kelele. Waingereza waliishikilia sifoni zaidi ya karne moja, na vyoo vya mnyororo katika majengo ya zamani ya makoloni yao vilifuata mtindo huohuo.

Kwingineko, hasa Marekani, walibaki na vali: tundu chini, raba juu yake. Ni rahisi kutengeneza, inaflashi haraka, kitufe chake ni chepesi. Soko la dunia likaelekea huko. Kuanzia Januari 2001 hata Uingereza iliziruhusu vali, kwa masharti kwamba flashi isizidi lita 6. Lengo lilikuwa kuokoa maji. Matokeo? Shirika la Waterwise la hukohuko limekadiria kwamba vyoo vinavyovuja Uingereza vinapoteza kama lita milioni 400 kila siku. Walipunguza maji ya kila flashi, wakafungua mlango wa maji kupotea kati ya flashi na flashi.

Tanki tunazonunua leo madukani ni za kizazi hiki cha vali. Raba ikikakamaa, ikikaliwa na mchanga au ukoko wa chokaa, maji yanapita. Na kuna njia ya pili: boya likishindwa kufunga, maji yanapanda mpaka mdomo wa lile bomba la katikati na kumwagikia ndani ya sinki. Kwenye vyoo vya zamani vya Kiingereza maji ya ziada yalitolewa nje ya ukuta, kila mtu akayaona. Siku hizi yanaishia ndani, kimya.

Hesabu ya Ngara

Tuseme choo chako kinapitisha uzi mwembamba wa maji, lita 12 kwa saa. Ni glasi moja hivi kila dakika. Kwa siku ni lita 288.

Sasa rudisha zile namba. Lita 288 ni mgao wa Sphere wa watu 19. Ni kiwango cha Sera ya Maji cha watu 11. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 8,640, ambazo ni ndoo 432 za lita 20. Kama unategemea simtanki la lita 1,000 kuvuka siku za mgao, uvujaji huo peke yake utalimaliza ndani ya siku tatu na nusu, hata kama hakuna aliyeoga.

Kuna gharama nyingine watu huisahau. Yale maji yanaenda karo. Karo inajaa mapema, na gari la kunyonya majitaka haliji bure. Unalipa maji kuingia, unalipa tena yakitoka.

Halafu fikiria umbo la nchi yenyewe. Mto Ruvubu na Mto Kagera ziko chini mabondeni, mji wa Ngara uko juu ya kilima. Penye vilima namna hii, maji yanayopandishwa kwa pampu yanapanda na umeme au dizeli ndani yake. Likivuja, haliendi tone la maji peke yake.

Jaribio la kahawa

Tuko Kagera, kahawa haikosekani. Pika kahawa nyeusi nzito, kikombe kimoja, iache ipoe, imimine kwenye tanki la choo. Usiflashi kwa nusu saa. Maji ya kwenye sinki yakibadilika rangi, maji yanapita.

Ukitaka kujua yanapita wapi, flashi, acha tanki lijae, kisha funga koki ndogo iliyo ukutani chini yake. Weka alama ya penseli kwenye usawa wa maji, subiri saa moja. Maji yakishuka, tatizo ni raba ya chini. Jaza kwa jagi lenye vipimo mpaka kwenye alama, zidisha kwa 24, utapata lita zako za siku. Yasiposhuka, fungua koki tena uangalie: kama maji yanapanda mpaka mdomo wa bomba la katikati, tatizo ni boya.

Raba: funga koki, flashi tanki liishe, itoe, isafishe yenyewe na pale inapokaa. Mara nyingi mchanga ndo mbaya wako. Ikiwa imekakamaa au imepinda, ipeleke dukani ukiwa nayo mkononi, maana saizi hazifanani. Boya: lishushe kwa skrubu yake mpaka maji yasimame sentimita 2 hivi chini ya mdomo wa lile bomba. Likiendelea kupitisha hata ukilinyanyua kwa mkono, washa ya ndani imekwisha, badilisha.

Kama umepanga, usisubiri mwenye nyumba agundue mwenyewe. Mpelekee hesabu ya lita kwa siku. "Choo kinavuja" ni lalamiko analoweza kuliahirisha, lakini ndoo 432 kwa mwezi ni namba ngumu kubishia. Na kwenye shule, gesti na zahanati zenye matundu mengi, jaribio lilelile lifanyike tundu kwa tundu, angalau kila muhula, kwa sababu vali haitakuambia ikiharibika. Kazi ya kugundua tumeachiwa sisi.